Waliolala Mwaloni

Usumbura, 21 Mei 1910

Kwa dada yangu Chausiku, Rumonge.

Dada, salaam zikufikie wewe, shemeji Shafii, mwanetu Biasha, na jirani yako Mariyamu mwenye maneno mengi. Mimi nimefika salama, ila upepo ulitugeuka baada ya Gitaza, tukalala Kabezi tumelowa chapachapa pamoja na mawese ya mzee Kassimu. Sasa niko kwenye meza yangu na penseli zangu.

Ndani ya barua hii kuna karatasi. Ikunjue polepole isichanike. Ni mwalo wetu wa wavuvi, ule niliouchora nikiwa juu ya mwamba huku wewe ukinipigia kelele nishuke nile. Nimeunakili mara mbili, karatasi moja ya Bwana Daktari na hii ni yako. Rangi hakuna, ni penseli tupu, lakini itazame vizuri utaona mitumbwi ilivyovutwa mchangani, nyavu za lusenga zimesimamishwa kwa miti yake mirefu, dagaa wetu wa ndagala wameanikwa, na matete ya upande wa mto yameinama kwa upepo. Hayo matete yalinitoa jasho. Bwana aliyenifundisha kuchora, yule mpima ardhi, angeyaona angenipa mkono.

Nilichora adhuhuri, maana saa hiyo watu wametulia na mkono wangu haupati taabu. Wanaume wamelala kila penye kivuli. Aliyenifurahisha zaidi ni shemeji. Yuko mbele ya mtumbwi wake, mdomo wazi, mkono mmoja umeangukia mchangani. Nimekaa kwenu siku zote zile bila kupata naye mazungumzo ya maana, kila nikigeuka amelala. Mwambie nimemlipiza kwa penseli.

Picha hizi Bwana Daktari anazitaka za kila mwalo, kutoka hapa hadi mpakani, ajue penye vichaka vya mbung'o, wale nzi wanaoleta malale. Vichaka vitafyekwa. Kwa mara ya kwanza naona kazi yangu ina faida kwa watu wetu, na sikufichi, ninajivuna kidogo.

Nduguyo,
Amuri

*

Rumonge, Mfungo Nane umekaribia kwisha

Kwa mdogo wangu Amuri.

Barua imefika, na karatasi imefika haina hata mkunjo mbaya. Mzee Kassimu aliileta mwenyewe mpaka mlangoni akasimama aone nitakavyoifungua. Tangu hapo nyumba haikauki watu. Kila mtu anatafuta kilicho chake. Mariyamu amepata mkeka wake wa ndagala, akanuna kwamba umeufanya mdogo kuliko wangu. Nimemwambia penseli haina upendeleo. Hakuamini.

Amuri, nina ombi. Mfute Shafii.

Usiniulize maswali mengi. Mwalimu wa chuo cha Kurani aliiona picha akasema kuchora kiumbe mwenye roho si jambo jema, na mimi tangu aseme hivyo sina raha. Tena amekaa vibaya, mdomo wazi, nguo imepanda, na wewe ni shemeji yake, si vizuri aonekane hivyo na Wazungu. Hao wengine waache kama walivyo, ndugu zao hawajalalamika. Ila Shafii mfute kwenye hiyo ya daktari kabla haijaondoka mkononi mwako.

Ulikuta analala sana kwa sababu ya kidonda cha mguu. Kidonda kinachosha mtu. Sasa hajambo. Anakusalimu.

Siku hizi sijui nina nini, sikai mahali. Nikikaa ndani nataka kwenda mwaloni, nikifika mwaloni nataka kurudi ndani. Labda ni upepo wa kiangazi. Nijibu upesi kama umefuta.

Dada yako,
Chausiku

*

Usumbura, 18 Juni 1910

Dada yangu,

Nimefuta. Nilimfuta kwa kipande cha mkate laini, ndivyo tunavyofanya sisi wachoraji, na mahali alipokuwa nikaweka kivuli na kamba. Sikuona maana yake, kwa kuwa kama ni kwa maneno ya Mwalimu ningewafuta wote, lakini ulitaka nikatenda.

Sasa nisikilize vizuri, na barua hii uwasomee wanaume.

Bwana Daktari aliiweka picha mezani, akaiangalia kwa muda mrefu. Nilikuwa nimesimama nikingojea sifa. Akaanza kuweka kidole juu ya kila mtu aliyelala. Akaniuliza kama nilichora asubuhi mapema. Nikasema hapana, bwana, ni adhuhuri. Akauliza kama ilikuwa sikukuu. Nikasema siku ya kazi kama siku nyingine. Akamwita mwenzake, wakazungumza Kijerumani, nikasikia neno la malale likirudiwa. Kwa macho yao, dada, mwalo ambao wanaume wote wamelala jua la utosi ni mwalo uliokwisha.

Nilimwambia hao ni wavuvi wa ndagala, wanatoka na mienge usiku wa giza na kurudi alfajiri, kwa hiyo mchana ndio usiku wao. Alitabasamu kama mtu anayesikia mtoto akitetea kosa. Mimi sikuwahi hata kufikiri kwamba jambo hilo linahitaji kuelezwa. Tumezaliwa tunaliona. Ningemchora mmoja tu amesimama anashona wavu, yasingetufika haya.

Anachotaka ni hiki. Nyumba zote za ufukoni zichomwe, watu wapandishwe juu mlimani mbali na maji, na kila mwanaume ashikwe shingo kutafutwa tezi zilizovimba, dalili ya malale. Mwenye tezi anapelekwa kambi ya wagonjwa iliyo upande wetu huku. Unajua yanayosemwa juu ya kambi hiyo.

Nimembembeleza mpaka amekubali kumtuma kwanza msaidizi wake, Abasi, aone kwa macho yake kama watu kweli wanavua. Nimemwomba amtume mwezi ukiandama, si katikati ya mwezi, maana akija na mbalamwezi atakuta mitumbwi yote imelala na tutakuwa tumejimaliza. Kwa hiyo siku atakayofika, wanaume wote watoke majini. Wote, dada. Asibaki hata mmoja mwenye kisingizio cha mguu.

Nduguyo mwenye wasiwasi,
Amuri

*

Rumonge, Rajabu, mwezi umeshaonekana

Mdogo wangu,

Abasi wako amekuja na ameondoka. Ni mtu wa pwani, mpole, anapenda kula.

Niliwasomea barua yako uani kwa Mwalimu. Wengine walitaka kukimbilia ng'ambo ya ziwa kwa Wabelgiji. Wengine walikutukana, na siwezi kukuficha, maana waliokutukana ni wajomba zako. Mariyamu alisema alijua tangu awali kwamba picha iliyopunguza mkeka wa mtu haiwezi kuleta heri. Mwishoni wote walikubali kutoka.

Nimeona wavuvi maisha yangu yote lakini sijaona mwalo ukitoka namna ile. Hata wazee walioacha kuvua waliingia mitumbwini. Matete yaliwashwa mpaka ziwa likawa kama soko. Abasi alisimama mchangani, mdomo wazi. Kulipokucha walirudi na ndagala wa kutosha, akala, akapapasa shingo za wale waliokaa karibu naye, akasema atakwenda kueleza. Akafungiwa mzigo wa ndagala wakavu. Mpaka mitumbwi inarudi mimi nilikuwa nimesimama majini, kanga imelowa hadi kiunoni, na sikujua niliingia majini saa ngapi.

Shafii naye alitoka. Wenzake walimkalisha katikati.

Nina swali, si langu, ni la jirani mmoja hapa. Anauliza kama ni kweli dawa ya kambini inapofusha watu. Na anauliza kama kuna mtu yeyote aliyewahi kuingia mle akatoka kwa miguu yake. Uliza vizuri, usiulize kama mtu anayetafuta jambo.

Chausiku

*

Usumbura, 29 Julai 1910

Dada yangu mpenzi,

Furahi. Tumeshinda.

Abasi alieleza yote, mienge, mitumbwi, wazee, na alivyoeleza ndagala mate yakamtoka. Bwana Daktari akarudi kwenye picha yangu akaitazama upya, akacheka, safari hii alijicheka mwenyewe. Akanipa mkono mbele ya makarani wote. Kisha akaniuliza swali la mwisho, kama mimi niliyekaa kule ninaweza kusema kwa hakika kwamba hakuna mgonjwa mwaloni. Nikasema ninaweza. Akasema niape. Nikaapa kwamba nimekaa nao, nimekula nao, nimewashika shingo kwa mkono wangu na wote ni wazima. Kushika sikushika, lakini ni watu wetu, ninawajua.

Basi Rumonge imetolewa kwenye safari yake. Hatakuja, na nyumba hazitaguswa. Amesema pia kambi imejaa watu wa mialo mingine, na mtu atakayekuja akisema ametoka Rumonge arudishwe, maana kwake Rumonge hakuna malale. Wajomba walionitukana wapelekee salaam zangu na hilo.

Jirani yako mwambie hivi. Nimemuuliza Abasi. Wako waliotoka kwa miguu yao, na wako waliozikwa. Wako waliopona wakapoteza macho kwa ukali wa dawa. Anasema wanaokuja mapema, wakiwa bado wanaongea na kula, mara nyingi huinuka. Wanaocheleweshwa mpaka hawaamki, hao ni wa kuombewa tu.

Ni nani huyo jirani? Mbona hukumtaja jina?

Amuri, mchoraji wa Bwana Daktari

*

Rumonge, Shaabani

Amuri,

Jirani huyo ni mimi.

Niliposoma ulivyoapa niliikunja barua, nikatoka, nikatembea mpaka mtoni na kurudi, nikatoka tena. Biasha ananifuata nyuma ananiuliza tunakwenda wapi. Nina hasira na wewe na sina haki ya kuwa nayo, na bado ninayo. Uliapa juu ya shingo ambayo hukuishika. Ungeinyoosha mikono yako siku moja tu ulipokuwa kwangu, ungezikuta tezi nyuma ya shingo ya Shafii. Mimi nilishazikuta kabla hujaja.

Hakuna kidonda cha mguu. Kilikuwepo, kikapona. Wote uliowachora walikuwa wamelala kwa sababu walivua. Shafii peke yake alikuwa amelala kwa sababu amelala. Ulipomwonyesha kwenye karatasi yuko pamoja nao, sawa nao, mtu mwingine asingemtambua, lakini mimi nilimwona yeye tu, na nilijua mwenye macho ya daktari atamwona pia. Ndiyo maana nikataka umfute. Nilikuwa na hofu ya kambi. Nilisema bora afe kwenye mkeka wangu kuliko mikononi mwa watu wenye sindano.

Siku ya Abasi, Amissi, yule anayevua naye, alikuja kumchukua. Aliniambia, "Mama Biasha, usiogope, tutamuweka katikati, hakuna mutu ataona." Wakamwegemeza kwenye mzigo wa matete na kumshikisha mti wa lusenga, wakaufunga mkononi kwa kitambaa. Alilala mle kuanzia kutoka mpaka kurudi, moto ukiwaka mbele ya uso wake. Amissi aliporudi alikuwa analia, hakutaka nimwone.

Tangu hapo hali imebadilika. Analala chakula kikiwa mdomoni. Akiamka ana ukali ambao si wake, juzi alimsukuma Biasha akaanguka, kisha akauliza nani amemwangusha mtoto. Ninampenda mume wangu, Amuri. Nimechoka kumficha, na sasa ninaona ninamficha nani. Si yeye ninayemficha, ni malale, nayo yanazidi kumla.

Nasema ataondoka hapa akiwa bado anajua jina langu. Amissi na mimi tutamleta kwa mtumbwi, tutafuata ukingo. Lakini wewe umeufunga mlango, na wewe ndiye wa kuufungua. Nenda kwa Bwana Daktari. Mwambie uliapa bila kushika. Mwambie mwaloni kwetu watu wamelala kwa kazi, ila mmoja ni mgonjwa na ulimfuta kwa mkate kwa sababu dada yako alikuomba.

Najua utakachopoteza. Najua pia watu hapa watakachosema juu yangu, maana ukishamtaja mmoja, shingo zote zitashikwa. Nimeshamwambia Mariyamu kwa mdomo wangu. Aliingia ndani akafunga mlango.

Chausiku

*

Usumbura, 27 Agosti 1910

Dada,

Barua hii nampa mwenye mtumbwi anayeelekea Kabezi, nikiomba mkutane njiani.

Nimemwambia. Nilisimama pale pale aliponipa mkono nikasema yote, na mkate nikautaja. Hakupiga kelele. Alisikiliza hadi mwisho, akaniambia nitoe penseli iliyo mfukoni mwangu niiweke mezani. Nikaiweka. Kisha akaandika karatasi ya kumpokea Shafii na akaniambia nitaishikilia mwenyewe mlangoni, na baada ya hapo nitabaki kambini kubeba maji na wagonjwa, kwa kuwa mikono yangu inahitaji kujua uzito wa mtu.

Rumonge amerudisha kwenye safari. Anakwenda na askari. Sikuweza kulizuia hilo, na sikujaribu sana, maana sijui tena ni shingo ngapi nimeziapia.

Niko ufukoni tangu asubuhi. Kila mtumbwi ukitokea kusini nasimama kuutazama. Wengine wananisalimu wakidhani nasubiri mzigo. Njooni upesi, dada. Msipumzike Gitaza.

Amuri

*

Kambini, Mfungo Mosi

Mdogo wangu,

Inachekesha kukuandikia na wewe ulikuwa ukipita hapa kila siku na ndoo zako, lakini tangu wakupeleke kufyeka upande wa mto sikuoni, na kuna jambo sitaki lipotee.

Ya nyumbani umeshayasikia. Waliokutwa na tezi ni Amissi na wengine watatu, na Amissi yuko hapa, kibanda cha tatu kutoka kwetu, anakula vizuri. Nyumba za ufukoni zimechomwa. Watu wamepandishwa juu, wanashuka kuvua kwa ruhusa ya askari na kupanda tena. Mahali ulipochora pamebaki mawe ya mafiga na matete, na hayo matete yatafyekwa. Mariyamu amepeleka maneno kwamba hatasahau. Sikumtumia jibu. Kaka yake ni mmoja wa wale watatu, na kama asingeletwa angekuwa bado analala kwenye kivuli, wote wakisema amechoka. Lakini nyumba yake imeungua, na maneno yangu hayajengi nyumba.

Shafii ameamka. Nasema ameamka kabisa, anaongea, anagombana na chakula, anamwita Biasha kwa jina lake la utani. Macho yamekwenda. Yalianza kufifia baada ya sindano za mwanzo, na wiki iliyopita aliniuliza kwa nini siwashi taa, na kulikuwa na jua la kuchoma. Nilitoka nje nikalia pale ulipo mti wa kuanikia nguo, kisha nikarudi nikamwambia ukweli.

Jana aliniomba nimweleze mwalo. Yaliyotokea anayajua, nilishamwambia, lakini alitaka ule wa zamani. Nikaitoa picha yako, hii yangu ambayo hakuna aliyeifuta kitu, nikaiweka magotini nikaanza kumsomea kama ninavyosoma barua. Nikamwambia mtumbwi wa nani uko wapi, na lusenga zilivyosimama, na matete yanavyoinama. Alikuwa anatikisa kichwa, anasahihisha, anasema huo si wa Kassimu, ni wa nduguye. Nikafika mbele ya mtumbwi wake. Nikakusudia kumruka.

Akauliza, "Na mimi niko wapi?"

Nikasema, wewe umetoka na wenzako, mko majini mnavua.

Akacheka, Amuri. Tangu mwaka huu uanze sijamsikia akicheka. Akasema, "Muchana? Muchana hatutoki, Chausiku. Watu iko wanalala."

Basi nikamlaza. Nikamwambia yuko kivulini, mbele ya mtumbwi wake, mdomo wazi, mkono mmoja umeangukia mchangani, amelala kama wenzake.

Dada yako,
Chausiku